Karatasi Niliyoitia Mkebeni

Damu hufuliwa kwa maji baridi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo mnalolikosea zaidi, wanangu. Juzi nimepita nikaona jezi tatu kambani zina madoa ya kahawia kifuani, nikajua kuna mtu kazimwagia maji ya moto akidhani moto ndio usafi. Maji ya moto huipika damu ikakaa humo humo. Maji baridi, chumvi kidogo, acha saa nzima, kisha ndipo sabuni. Na maji yasiwe ya kisima. Visima vyetu vina munyu, sabuni haitoi povu, mtu hufua mpaka mikono ikamuwasha na jezi ingali inanuka jasho la wiki iliyopita.

Mimi ni Bi Zena. Wachezaji walinibandika jina la Bi Jezi, na wengine wenu nadhani mwaamini ndilo nililopewa na baba yangu. Nimezifua, nimezishona na kuzigawa jezi za timu yetu hapa Amu tangu wengi wenu hamjazaliwa, na sasa magoti yamekataa kuchutama mbele ya karai. Nyinyi mnaoipokea kazi hii mmenitaka niandike mambo yake. Nitaandika, ila msitarajie niyapange kama daftari la shule. Na liko moja nitalichelewesha, kwa sababu lina aibu yangu ndani yake.

Kushona nilifundishwa na Fundi Shee, mzee aliyekuwa akishona kofia, aliyeishi nyuma ya nyumba yetu. Alikuwa na mikono mizito na ulimi mwepesi. Nilipokata kitambaa cha kwanza nikaharibu, hakunigombeza, alikichukua akafutia miwani yake. Halafu akaniambia neno ambalo alilirudia mpaka nikawa nalichukia: "Usikate nguo kwa mato ya yana." Maana yake, mtu uliyempima jana, leo huenda kanenepa au kakonda, basi mpime tena hata kama ni nduguyo. Nilikuwa nikimcheka kichinichini. Kichwa cha mtu mzima kinanenepa kwa siku moja?

Namba za jezi za siku hizi hubandikwa kwa pasi. Zikipata jasho na chumvi ya bahari, mwezi hauishi, nane imekuwa tatu na refa hajui amwandike nani. Zizungushieni mshono mapema, kabla hazijaanza kubanduka, na mzianike kivulini zikiwa ndani nje. Jua la Amu halina huruma na rangi nyekundu.

Sasa niwaeleze watu wawili ambao kazi yangu yote ilikuwa katikati yao.

Wa kwanza ni Bwana Twalib, mwenye timu. Mwamjua kwa duka lake la misumari, rangi na mabati, na kwa nyumba zake. Timu aliianzisha yeye. Mipira yake, nyavu zake, na lile boti la mashine linalotupeleka mechi za visiwani ni lake pia. Hapa kwetu hilo la boti si jambo dogo. Timu za bara zina basi, na basi likikataa utapanda jingine. Sisi mwenye boti akisema "ngojani", twangoja, na maji nayo hayangoji.

Wa pili ni Mwalimu Wafula, kocha. Mtu wa bara, mrefu, mpole, aliyeletwa kufundisha hesabu shuleni. Alipofika hakujua kula samaki bila kuhesabu miiba, lakini mpira aliujua. Kila jioni baada ya masomo alikuwa uwanjani na filimbi yake shingoni. Mimi aliniita Mama, kama wanavyoita watu wa kwao, na sikumkataza.

Hawa wawili walipendana kwa muda wa kama mechi nne hivi. Kisha Bwana Twalib akaanza kuleta kiti chake cha plastiki karibu na benchi la wachezaji, akawa anapiga kelele: "Pandisha mbee! Mtoe yule!" Mechi iliyofuata Mwalimu alihamisha benchi upande wa pili wa uwanja, upande wa jua kali, akijua Bwana Twalib ana kichwa kinachouma jua likimpiga. Wachezaji wakaungua kama mkate, lakini kocha akapata utulivu wake. Wiki moja baadaye Bwana Twalib akaja na mwavuli.

Ndivyo walivyokuwa wakienda. Huyu akiziba huku, yule anafungua kule.

Bwana Twalib akaagiza jezi mpya. Zilipofika nikazifungua kwenye daka langu, lile baraza la mawe mbele ya mlango, nikaona kila kifua kina picha. Nikavaa miwani. Picha ilikuwa ya Bwana Twalib mwenyewe, na kofia yake na masharubu yake, anatabasamu. Mwalimu akazitazama kwa muda mrefu. "Mama," akaniambia, "hawa vijana watakimbia aje na mzee kwenye kifua?" Nikamwambia hilo si la kuniuliza mimi, mimi ni mfuaji. Basi nikazifua kwa mara ya kwanza, na hapa nakiri kosa: nilitumia maji ya vuguvugu na sabuni kali. Sura ya Bwana ikaanza kuchujuka kuanzia kwenye masharubu. Baada ya mechi tatu yakabaki meno. Sikukusudia, Mungu ni shahidi, lakini pia sikusikitika sana. Nyinyi msifanye hivyo. Jezi yenye picha ifueni kwa maji baridi na kwa mkono, hata kama hampendi picha yenyewe.

Ugomvi wenyewe haukuwa wa kiti wala picha. Ulikuwa wa nani acheze. Na zaidi ulikuwa wa jezi namba tisa.

Tisa ilikuwa na vijana wawili. Kassim alitoka kijiji cha Kipungani, na mkeka ninaotandika jezi juu yake mpaka leo ulisukwa na mamake. Mwembamba, mbio kama panya wa ghalani, ukimpa mpira kwenye uwanja mgumu humwoni tena ila mgongo. Mwenzake ni Swabri, mpwa wa Bwana Twalib, mwana wa dada yake. Mnene wa mabega, mzito kidogo kugeuka, lakini akiuficha mpira mwilini mwake kuupata ni kazi. Walikuwa marafiki, hawa wawili. Wakila sahani moja. Waliogombana juu yao ni wazee.

Siku moja tukiwa gatini tayari kuondoka, Bwana Twalib aliingiza mkono kwenye mikoba ya vijana, akatoa jezi tatu kwa hawa akawapa wale, tena mbele ya watu. Mwalimu alikuwa tayari ndani ya boti. Aliyaona yote. Kesho yake alikuja kwangu, akakaa dakani, nikamtilia chai ya tangawizi, akanywa mpaka nusu ndipo akasema.

"Mama, nataka jezi zigawiwe hapa kwako. Si gatini, si uwanjani. Hapa."

"Kwani hapa pana nini?"

"Wewe ni mjane, na hii ni nyumba ya heshima. Hakuna mtu atakuja kupiga kelele mlangoni kwako."

Nilimtazama mtu huyu wa bara, nikastaajabu. Sisi tuliozaliwa hapa hatukuwa tumelifikiria hilo. Ni kweli, mwanamume mzima wa Amu hasimami kwenye daka la mjane akabishana. Angeonekana hana adabu mpaka kijijini Matondoni.

Basi wakakubaliana mbele yangu, na Bwana Twalib naye akaitikia, kwa kuwa hakuwa na njia ya kukataa bila kunivunjia heshima. Sheria ikawa hivi. Kila siku ya kuamkia mechi Mwalimu ataniletea karatasi yenye majina na namba, moja mpaka kumi na moja ni wa kuanza, waliobaki ni wa benchi. Asubuhi yake nitatandika mkeka na kuzipanga jezi kwa karatasi ile. Vijana watakuja mmoja mmoja, watoe salamu, wapokee kwa mikono miwili. Na jezi ikishatoka kwenye daka langu haibadilishwi na mtu yeyote, si mwenye timu, si kocha, mpaka mechi iishe. Hilo la "si kocha" alilitia Mwalimu mwenyewe. Alisema sheria isiyomfunga aliyeitunga ni amri tu.

Ikafanya kazi vizuri sana. Bwana Twalib hakuja kupiga kelele. Alipiga simu, kwa sababu simu haina daka. "Bi Zena, huyu mwana wa dada yangu ateza lini?" Mimi nilimjibu, "Inshallah, Bwana," neno ambalo kwa mdomo wa mwanamke wa makamo lina maana nyingi, na moja yao ni hapana.

Sasa lile nililolichelewesha.

Ilikuwa imebaki mechi moja, ya ugenini, kule Mbwajumali kisiwani Pate. Tukishinda tunapanda daraja. Hatukuwa tumewahi kupanda. Mji mzima ulikuwa ukiongea habari hiyo, hata wauza samaki walinipunguzia bei bila kuombwa.

Jumamosi jioni Mwalimu alikuja na karatasi yake, ukurasa wa daftari la hesabu uliokunjwa mara nne, kama kawaida. Mimi nilikuwa nakaanga mahamri ya safari na mafuta yalikuwa yamechemka. Nikamwonyesha kwa kidevu pa kuiweka. Hakuondoka. Alisimama pale mlangoni akazungusha filimbi yake kidoleni.

"Utaisoma, Mama?"

"Nimeisoma kabla hujaiandika," nikamwambia, nikacheka.

Naye akacheka, akaenda zake. Msinione mpumbavu. Wiki sita mfululizo karatasi ilikuwa ile ile, majina yale yale kumi na moja, tisa ni Kassim. Nilijua kama ninavyojua chumvi ya mchuzi wangu. Nilipomaliza kukaanga nikaichukua, nikaitia kwenye mkebe wa sindano bila kuifungua, nikaenda kuswali.

Jumapili, siku ya mechi, ilikuwa bamvua, maji yanajaa kupita kiasi na kutoka kupita kiasi. Yalikuwa yamejaa alfajiri, na kama tungechelewa, Mkanda, ule mlango mwembamba wa kupitia kwenda Pate, ungekuwa tope tupu. Nahodha alisema saa kumi na mbili na nusu boti liwe limeng'oa. Kwa hiyo Mwalimu alikwenda gatini moja kwa moja kuhakikisha mafuta na maboya, nami nikatandika mkeka mara tu baada ya swala ya alfajiri.

Simu ikalia. Bwana Twalib.

"Bi Zena, leo tisa mpe Swabri."

"Inshallah, Bwana."

"Si inshallah ya yana. Namba tisa ni ya Swabri, Mwalimu akitaka asitake. Na akikataa, mwambie atafute ndia nyingine, timu ni yangu."

Akakata. Nami moyo ukanipanda. Nilikasirika hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa mtu yule. Nikajiambia, huyu anataka kunitumia mimi kumvunjia Mwalimu sheria yake, tena kwenye daka langu, siku kubwa kama hii. Hatapata. Nikaichukua jezi namba tisa, nikaikunja vizuri kuliko zote, nikaiweka mahali pa Kassim. Swabri nikamwekea kumi na nne, ya benchi. Mkebe ulikuwa hapo pembeni yangu, hauna hatua mbili. Sikuufungua.

Vijana wakaja, wakapokea, wakaenda. Swabri alipoona kumi na nne aliigeuza pande zote mbili, akasema, "Ahsante, Bi Zena." Nikakumbuka baadaye kuwa macho yake yalikuwa yanauliza kitu.

Kule Mbwajumali walitupokea kwa madafu na uwanja wa mchanga. Si mchanga wa kukanyaga ukaondoka, ni ule unaokushika kifundo cha mguu. Vijana walivaa nyuma ya ukuta wa shule, mimi nikiwa mlangoni na sanduku langu la jezi, na Mwalimu akapita kuwakagua. Alipofika kwa Kassim akasimama. Akaitazama ile tisa mgongoni. Kisha akageuka akanitazama mimi, kidogo tu, akainama kufunga kamba za kiatu chake ambazo hazikuwa zimefunguka.

Mimi nikadhani ananishukuru. Nikamwitikia kwa kichwa.

Mechi yenyewe sitaisimulia yote. Kassim alikimbia mchanga ukimrudisha nyuma, kila mpira aliopewa ulimkwama miguuni, na mabeki wa Mbwajumali waliozaliwa kwenye mchanga huo walimnyang'anya kwa starehe. Tukafungwa mabao mawili. Zikiwa zimebaki dakika chache Mwalimu alimwingiza Swabri. Akaweka bega, akauficha mpira, akageuka kwa uzito wake ule ule, akafunga. Likawa bao letu moja. Dakika kumi zaidi na angefunga la pili, kila mtu aliona hilo, na Bwana Twalib chini ya mwavuli wake aliliona kuliko wote.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alimngoja Mwalimu ufuoni, pale boti lilipotia nanga, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo tuliisikia sote.

"Mwalimu, nimekuvumilia sana. Kesho usiye tena uwandani."

Mwalimu akavua filimbi shingoni, akampa. "Sawa, Bwana Twalib."

"Ingia botini tukurudishe."

"Asante. Nitakuja na boti ya abiria kesho."

Akabaki ufuoni na mkoba wake. Sisi tukaondoka. Kassim alijifunika uso kwa taulo njia nzima, na Swabri alikaa karibu naye. Mimi nilikuwa na huzuni, lakini nitawaambia ukweli, kwenye huzuni ile kulikuwa na fahari. Nilijiona nimesimama na haki mpaka mwisho.

Jumatatu asubuhi nilikaa kushona mkono wa jezi uliochanika. Nikafungua mkebe kutafuta sindano, nikaikuta karatasi. Nikaifungua kwa kumbukumbu tu, kama mtu anavyofungua barua ya marehemu. Kipa, wale wale. Mabeki, wale wale. Tisa, Swabri. Na kando yake kwa herufi ndogo Mwalimu alikuwa ameandika: kule mchanga ni mzito.

Niliisoma mara tatu. Sindano ilinichoma kidole na sikuiona mpaka damu ilipodondokea jezi. Sikumbuki hata kama niliifua kwa maji baridi.

Fundi Shee alikuwa ameshatangulia mbele ya haki siku nyingi, lakini nilimsikia kama yuko nyuma ya ukuta. Nilikata nguo kwa macho ya jana. Na nguo yenyewe ilikuwa heshima ya mtu.

Nilikwenda kwa Mwalimu siku ile ile, nyumba za walimu, baada ya shule. Nikamwonyesha karatasi. Nilikuwa nalia na sitafuti neno zuri la kuficha hilo.

"Nilijua, Mama," akasema. "Nilipoona Kassim na tisa, nikajua haukusoma."

"Ungebadilisha! Ungesema tu, ningeivua mwenyewe ile jezi."

"Jezi ikitoka kwako haibadilishwi. Si mimi ndio niliandika hiyo? Ningebadilisha pale, mbele yake, wiki ijayo yeye angebadilisha tano. Hiyo sheria ingekuwa imekufa."

"Na alipokufukuza? Ungemwambia ni kosa la Bi Zena."

Akatikisa kichwa. "Ningekuweka wapi, Mama? Wacha tu. Yaishe."

Akaniomba nisiseme. Alisema nikisema, Bwana Twalib atanitoa na mimi, na sanduku litabaki bila mwenyewe. Na mimi, wanangu, nilimtii. Nilijiambia namtii yeye. Kumbe nilikuwa naitii hofu yangu. Mwanamke aliyeheshimiwa mji mzima kwa kutokosea, akasimame sasa aseme kashindwa kazi ya kufungua karatasi? Siku kumi na mbili sikusema.

Siku hizo Bwana Twalib alilichukua sanduku likapelekwa dukani kwake, akawa anagawa jezi mwenyewe juu ya meza ya kuuzia misumari. Mimi nikaachiwa kufua. Mechi ya kirafiki ya kwanza alikuwa ameahidi namba kumi kwa watu watatu, kwa sababu baba zao walimwomba na yeye hajui kumkatalia mtu anayemjia kwa salamu. Kufika saa ya mechi, vijana kumi na watano walikuwa wanajua wanaanza. Nilipopita na kikapu cha nguo nikaambiwa Bwana yuko ghalani nyuma ya mifuko ya saruji, anahesabu bidhaa. Hakuwa anahesabu kitu. Alikuwa amejificha.

Nilimwonea huruma, na huruma ile ndiyo iliyonipa nguvu. Nikaona kuwa hata yeye alikuwa anaumia, na dawa ninayo mimi kwenye mkebe.

Nikaenda dukani saa nne asubuhi, na mkebe, na ufunguo wa sanduku ambao hakuwahi kuuomba, maana lilitoka kwangu likiwa wazi. Alikuwa peke yake. Nikaviweka vyote viwili juu ya meza.

"Hii ni karatasi ya Mbwajumali," nikamwambia. "Mwalimu aliniletea Jumamosi. Sikuifungua. Jezi ya Kassim niliitoa mimi kwa kichwa changu na kwa hasira zangu kwako. Ufunguo ni huo. Umpe mwenye kusoma."

Akatafuta miwani. Akasoma kuanzia juu, taratibu, akafika kwenye tisa akasimama. Akaligeuza lile jani kutazama kama nyuma kuna kitu. Hakukuwa na kitu. Akalirudisha, akasoma tena yale maneno madogo ya pembeni. Nje mtu alikuja kuuliza bei ya rangi, Bwana Twalib akamwashiria asubiri.

"Alikuwa amempa," akasema.

"Alikuwa amempa, Bwana."

"Na pale ufuoni mbona hakunena?"

"Angenena ningeaibika mimi. Na sheria yenu ingevunjika."

Akavua miwani. Nilingoja maneno makali, na nilikuwa nayastahili, nimeyaandalia moyo njia nzima. Akausukuma ufunguo juu ya meza kwa kidole kimoja mpaka ukafika kwangu.

"Tukua ufunguo wako," akasema. "Wewe hukusoma. Mimi nami sikuuliza. Nilikuwa nayua kila kitu."

Alasiri ile watu walimwona Bwana Twalib akipita njia kuu kwa miguu, na bakora yake, anaelekea nyumba za walimu. Mtu ambaye maisha yake yote humwita mwenzake dukani kwake, siku ile alikwenda yeye. Waliongea nini sikuambiwa na sikuuliza. Jioni vibarua wawili wakanirudishia sanduku.

Msije mkadhani waliacha kugombana. Waligombana misimu miwili zaidi, kwa kiti, kwa mwavuli, kwa saa ya kuondoka boti, mpaka serikali ilipomhamisha Mwalimu kwenda shule nyingine. Daraja tulipanda msimu uliofuata, na Bwana Twalib akadai ni kwa sababu ya mwavuli. Lakini jezi hakuigusa tena. Alikuwa akipiga simu siku ya kuamkia mechi, na swali lake likawa moja tu: "Karatasi imekuya?"

Mkebe huu nawaachia, pamoja na sindano. Karatasi zote za Mwalimu zimo, na iliyo juu kabisa ni ya Mbwajumali. Iliyo chini yake ni ya Jumamosi ile ya kwanza aliporudi. Aliniletea ikiwa imekunjwa mara nne kama zamani, akasimama mlangoni. Mimi nilikuwa nakaanga, nikaepua karai motoni, nikafuta mikono, nikaifungua mbele yake nikasoma jina kwa jina, kwa sauti. Uwanja ulikuwa wa nyumbani, mgumu. Tisa ilikuwa Kassim, kama ambavyo ningedhani. Nikaendelea kusoma mpaka mwisho. Chini ya jina la kipa wa akiba aliandika maneno mawili, na aliyaandika kwenye kila karatasi mpaka alipohama:

Mama, soma.